Msafiri Maskini, Ajapokuwa Sultani

Wazee wetu walisema: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Hawakukusudia kwamba mfukoni mwake hamna kitu. Walikusudia kwamba mtu akishatoka kwao huwa mhitaji wa mambo ambayo nyumbani hata hayahesabu: maji ya kunywa na ya kujitwaharisha, moto wa kupikia, na mahali pa kulaza ubavu. Mwenye mali na asiye na mali, giza likiwaingilia njiani, wote wawili huuliza swali moja tu: tutalala wapi?

Katika makala haya nataka kusimulia jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika nchi ya Marekani tangu zilipotokea motokaa. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu watu wake ni mabingwa wa safari ndefu za barabara. Kutoka New York hadi San Francisco ni takriban maili 3,000, na wako wanaokwenda na kurudi kwa miezi sita bila ya haraka. Mathalan utamkuta mzee na mkewe, wamestaafu kazi, wamefunga nyumba yao na kuingia katika gari lililojengwa ndani kama chumba: lina kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Sisi tuliite gari-nyumba. Kila usiku hutua katika bustani ya umma, iwe ya mji, ya jimbo au mbuga ya taifa. Hulipa ada, hupewa kiwanja chenye meza ya mbao na duara la chuma la kuwashia kuni, na asubuhi hufunga safari tena.

Kwa nje ni jambo la starehe tu, tena la watu wa mbali. Lakini nyuma yake iko taarikh ya zaidi ya miaka 100, na ndani ya taarikh hiyo limo suala ambalo kila jamii hulazimika kulijibu ikitaka isitake: mahali pa umma ni pa nani? Na mwisho wa njia hii, jangwani, tutakuta kaburi la mtu ambaye jina lake halitakuwa geni kwa msomaji wetu.

Mwaka wa 1903 daktari mmoja wa jimbo la Vermont, Horatio Nelson Jackson, aliwekeana dau la dola 50 na wenzake (kamari, ambayo hatumsifu kwayo) kwamba anaweza kuvuka nchi nzima kwa motokaa. Akamchukua fundi wake, Sewall Crocker, wakatoka San Francisco na kufika New York baada ya siku 63. Nje ya miji hapakuwa na barabara za maana. Walilivuta gari kwa kamba, walilikokota kwenye matope, wakapotea. Huko Wyoming walishinda bila ya chakula mpaka walipokutana na mchunga kondoo aliyewalisha. Daktari alikuwa tajiri. Lakini siku ile tajiri alikuwa mchunga kondoo.

Wakati huo kutembelea maajabu ya nchi ile ilikuwa ni anasa ya wachache. Mbuga ya Yellowstone ilikuwa imewekwa kwa sheria tangu 1872, walakini kuifikia kulitaka tikiti ya treni, kisha gari la farasi, kisha hoteli. Motokaa ziliruhusiwa kuingia humo Agosti 1915. Mwaka uliofuata serikali ikaunda idara ya mbuga za taifa, na mkuu wake wa kwanza, Stephen Mather, akawa mtetezi wa magari. Hoja yake ilikuwa kwamba mbuga ikizuriwa na wengi itapata watetezi wengi. Na wengi walikuwa njiani wanakuja. Gari la Ford liitwalo Model T, lililouzwa dola 850 mwaka wa 1908, lilikuwa limeshuka chini ya dola 300 kufikia 1925. Mwaka wa 1920 Marekani ilikuwa na motokaa milioni 8 hivi. Mwaka wa 1929 zilikuwa milioni 23.

Henry Ford mwenyewe alipenda kulala porini. Kwa miaka kadhaa, mpaka 1924, yeye na Thomas Edison, na mwenye kiwanda cha mipira ya magari Harvey Firestone, na mwandishi wa habari za viumbe John Burroughs aliyefariki 1921, walikuwa wakitoka pamoja kila wakati wa joto na kujiita wazururaji wanne. Mwaka wa 1921 Rais Harding wa Marekani alijiunga nao kambini. Walikuwa na mahema, wapishi, gari zima la jikoni, na waandishi wa magazeti nyuma yao. Uzururaji wa namna hii si mzito kuubeba. Neno hilo hilo, mzururaji, tutalikuta tena punde hivi likiwa limebandikwa watu wengine, na safari hiyo halitakuwa mzaha.

MIJI YAFUNGUA MILANGO

Magari yalipoanza kutoka mijini kwa wingi, watu walilala popote: kando ya barabara, katika mashamba ya watu, katika viwanja vya shule. Walichuma matunda ya wenyewe, wakaacha nyuma makopo na majivu. Wakulima wakalalamika. Ndipo miji midogo ilipopata shauri: badala ya kuwafukuza wageni hawa, tuwakusanye mahali pamoja. Mji ukatoa bustani yake, aghlabu karibu na mto na si mbali na maduka, ukaweka bomba la maji, vyoo, meko na taa, na ukatangaza kwamba kulala ni bure.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kambi kama hizo zilihesabiwa kwa maelfu nchini kote. Kambi ya mji wa Denver, iliyoitwa Overland Park, ilienea ekari 160 kando ya mto na ilikuwa na viwanja 800, pamoja na jumba kubwa la wageni na duka. Mtu wa Ohio alipika karibu na mtu wa Texas, wakaazimana chumvi, watoto wao wakacheza pamoja. Walioziona kambi hizo zamani hizo waliandika kwa furaha kwamba hapo hakuna mkubwa wala mdogo, kila mtu ana vumbi lile lile juu ya kofia.

Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wafanyabiashara wa miji ile hawakuwahi kuusikia msemo huu, ila waliufahamu, na waliufahamu kwa upande mmoja tu. Mgeni hununua petroli, mkate, nyama na mpira wa gari. Mji mmoja ukifungua kambi, mji jirani nao ulifungua usije ukapitwa. Ulikuwa ni ukarimu, hatukatai. Walakini ulikuwa ni ukarimu wenye daftari.

Mwaka wa 1919, katika bustani ya Desoto Park mjini Tampa, Florida, wasafiri wa namna hii waliunda chama wakajiita watalii wa makopo, kwa sababu chakula chao kilikuwa cha makopo. Alama yao ilikuwa kopo lililochomelewa juu ya kifuniko cha rejeta ya gari. Ukiliona gari lina kopo, umemjua ndugu yako wa njiani. Wengi walikuwa ni watu wa kadiri kutoka majimbo ya baridi, waliofuata jua la kusini wakati wa theluji.

Basi bei ya magari ikazidi kushuka, na gari kuukuu likawa lapatikana kwa pesa chache. Katika kambi wakaanza kuonekana watu wengine: familia zinazofuata vibarua vya kuvuna, watu waliokaa wiki tatu au nne kwa kuwa hawana pengine pa kwenda. Walifanya yale yale waliyoyafanya wa kwanza. Walipika, walifua, walilala. Lakini hawakununua mpira wa gari. Toka hapo lugha ikageuka. Yule aliyekuwa akisifiwa kwa kupenda hewa safi sasa akaitwa mzururaji, na mara hii si kwa mzaha wa Bwana Ford. Tangu mwaka wa 1923 hivi, mji baada ya mji ulianza kutoza senti 25 au 50 kwa usiku, kuandikisha majina, na kuweka mpaka wa siku za kukaa.

Nisieleweke vibaya. Ada yenyewe si dhulma. Maji yana gharama, choo kinataka wa kukisafisha, na mwenye kutumia akichangia hakuonewa. Lakini ada ile haikuwekwa kwa ajili ya choo. Iliwekwa iwe chujio, impitishe mwenye nusu dola na imzuie asiye nayo, na walioiweka hawakuficha kusudio lao. Ada ya kutunza na ada ya kufukuza zikiandikwa katika risiti huonekana ni kitu kimoja. Tofauti yake iko katika nia ya aliyeiandika, na huyo ndiye atakayeulizwa.

Matokeo ya jambo hili yalikuwa makubwa kuliko walivyodhani. Kambi ya bure ilipoondoka, watu binafsi waliona faida. Mwenye shamba kando ya barabara akaweka kambi yake ya kulipia, mwaka wa pili akajenga vibanda, mwaka wa tatu akavitia vitanda na shuka. Huko San Luis Obispo, California, mwaka wa 1925, nyumba moja ya wageni wenye magari ilifunguliwa na kupewa jina la kuchanganya motokaa na hoteli. Ndilo neno moteli tunalolijua leo.

MWAKA MMOJA, MILANGO MITATU

Ukitaka kuliona jambo hili waziwazi, msomaji, tazama mwaka mmoja tu: 1936.

Mwaka huo Wally Byam wa California alianza kuuza tela lake liitwalo Airstream Clipper. Lilikuwa la aluminiamu, linang'aa kama sinia la harusi, lina mahali pa kulala watu wanne, na bei yake ilikuwa dola 1,200. Msafiri aliyevuta tela hilo alikaribishwa popote alipotua.

Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, mkuu wa polisi wa Los Angeles aliwapeleka askari wake 136 kwenye mipaka ya jimbo la California, mamia ya maili kutoka mjini kwake, wawarudishe wasafiri wasio na pesa wala kazi ya kuonekana. Ulikuwa ni wakati wa shida kuu ya uchumi. Na huko Oklahoma, Texas na Arkansas ukame ulikuwa umeua mashamba na vumbi limefunika nyumba. Watu walifunga godoro juu ya gari, wakaweka sufuria ubavuni, wakaelekea magharibi. Kwa macho ya mtoto hapakuwa na tofauti baina yao na wale wa makopo. Gari, hema, kuni, njia. Tofauti ilikuwa ni kwamba mmoja alikuwa na nyumba aliyoiacha kwa hiari, na mwenzake hakuwa nayo tena. Kwa baadhi yao serikali kuu ilijenga kambi, kama ile ya Arvin, California, yenye maji, mabafu na kamati iliyochaguliwa na wakaazi wenyewe. Lakini kambi hizo zilikuwa chache na watu walikuwa wengi. Mpaka mwaka wa 1941 ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipohukumu kwamba jimbo halina haki ya kumzuia mtu kuingia kwa sababu tu ni fakiri.

Mlango wa tatu. Mwaka huo wa 1936, tarishi mmoja wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza kuchapa kijitabu cha kuwaonyesha Wamarekani weusi wapi wanaweza kulala, kula na kutia petroli bila ya kufukuzwa au kudhalilishwa. Kijitabu hicho kiliendelea kutoka kwa takriban miaka 30. Fikiri maana yake. Mtu ana gari lake, ana pesa yake, ana nguo safi na watoto wenye adabu, na bado hawezi kujua usiku utamkutia wapi. Kwake yeye hata nusu dola haikuwa ufunguo.

Wala mbuga za taifa, zilizokuwa za kila raia kwa mujibu wa sheria, hazikusalimika. Katika mbuga ya Shenandoah, jimbo la Virginia, serikali ilitenga mahali paitwapo Lewis Mountain pawe pa weusi peke yao, na karibu mwaka wa 1940 pakafunguliwa pakiwa na nyumba za wageni, mahali pa kula na uwanja wa kambi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikatoka amri ya kuondoa utengano huo, na kufikia 1950 ulikuwa umekwisha. Uwanja ule ungalipo na hupokea wote, na katika viwanja vya kambi vya mbuga hiyo ndio mdogo kabisa.

Bustani za majimbo ya kusini zilichukua muda zaidi. Mwaka wa 1963 mahakama ililiamuru jimbo la South Carolina kuwafungulia weusi bustani zake. Jimbo likajibu kwa kuzifunga bustani zote, kwa watu wote. Mwaka uliofuata zikafunguliwa nusu nusu, na haikuwa mpaka 1966 ndipo huduma zote ziliporudi. Mimi katika taarikh hii yote sikukuta jambo lililonishangaza kuliko hili. Watu walikuwa radhi watoto wao wenyewe wakose kivuli, maadamu mtoto wa jirani asikae chini yake.

MTI NAO UNA HAKI YAKE

Kabla hatujaendelea, nitaje kwa ufupi habari ya mtu mmoja ambaye wasafiri wengi hawamjui, ilhali kila usiku hulala katika kazi yake. Emilio Meinecke alikuwa mtaalamu wa maradhi ya miti huko California. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichunguza kwa nini miti mikubwa inadhoofika mahali wanapopiga kambi watu. Akaona kuwa magari yalikuwa yakipita ovyo ovyo baina ya miti, udongo unakandamizwa mpaka maji hayapenyi, na mizizi inakufa polepole. Mti haulalamiki, huanza kukauka juu baada ya miaka.

Mwaka wa 1932 akatoa mpango wake. Barabara ya kambi iwe ya duara na ya upande mmoja. Kila familia iwe na kijia chake cha kuegesha gari, na mawe au magogo ya kulizuia lisipite hapo. Meza ikazwe mahali pake, na meko yajengwe mahali pake. Mgeni akija, mambo yote yamekwisha kupangwa, naye hujikuta anafuata adabu bila ya kuamrishwa. Kuanzia 1933 mpaka 1942 kikosi cha vijana wasio na kazi kilichoundwa na Rais Roosevelt kilijenga viwanja vya namna hiyo kila pembe ya nchi. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 katika hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa wazee wake. Ukilala leo katika kambi ya zamani ya mbuga yoyote huko, yamkini ukuta wa mawe ulioegemea ulijengwa na mtoto wa fakiri aliyekuwa akimlisha mamaye.

GARI-NYUMBA LAPATA JINA

Baada ya vita watu walikuwa na pesa, likizo na barabara mpya. Mbuga zikafurika. Serikali ikaweka mpango wa miaka 10, kuanzia 1956 mpaka 1966, wa kujenga barabara, vyoo na viwanja vya kambi, uliogharimu zaidi ya dola bilioni moja. Watu binafsi nao hawakulala: mwaka wa 1962 katika mji wa Billings, Montana, ilianza kambi ya kulipia iliyotoza dola 1.75 kwa familia kwa usiku, nayo ikazaa mamia ya kambi zenye jina la KOA. Na mwaka wa 1966 kiwanda cha Winnebago cha Iowa kilianza kutoa magari-nyumba kwa wingi na kwa bei ambayo mtu wa kadiri aliweza kuifikiria.

Msafara mmoja wa watu hao ulifika mpaka kwetu. Mwaka wa 1959 yule Wally Byam wa matela ya aluminiamu aliongoza matela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda na Kenya, wakapanda Ethiopia ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea, na mwaka wa 1960 wakayapanga matela yao chini ya Mapiramidi. Ilikuwa safari ya ushujaa. Lakini tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa bado mikononi mwa wakoloni. Mgeni alipewa uwanja wa kulala na mtawala, na mwenyeji alisimama kando akitazama.

Na mgeni akae muda gani? Kwetu jawabu liko ulimini: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Marekani nao wamefika hapo hapo kwa njia ya sheria. Katika ardhi nyingi za umma mpaka ni siku 14, kisha uhame. Na jembe pia lipo. Katika viwanja vingi vya kambi utamkuta mstaafu anayeishi humo msimu mzima bila ya kulipa kiwanja; badala yake hufagia, husafisha meko, hupokea wageni na kuwanyamazisha wenye kelele usiku. Kadhalika raia aliyetimiza miaka 62 anaweza kununua kadi ya kuingia mbuga zote za taifa maisha yake yote, na katika kambi nyingi humpunguzia nusu ya ada. Kadi hiyo ilikuwa dola 10 mpaka 2017, ilipopandishwa kuwa dola 80. Hata kwa bei hiyo, kumheshimu mzee namna hii ni jambo zuri, na linafaa kuigwa.

Walakini suala la zamani halikufa. Baada ya uchumi kuanguka mwaka wa 2008, Wamarekani wengi walipoteza nyumba zao, na wengine wakaingia katika gari-nyumba si kwa kutaka kuona milima, bali kwa kuwa ndiyo paa pekee lililobaki. Wanalala katika ardhi ile ile, wanahesabu siku 14 zile zile, na mtu akiwapita hawezi kujua nani mtalii na nani aliyehama kwake na hana pa kurudi. Na Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mji wa Grants Pass, jimbo la Oregon, uliokuwa ukiwatoza faini ya dola 295 watu wasio na makao waliolala katika bustani za mji na blanketi zao. Majaji 6 dhidi ya 3 walisema mji una haki hiyo. Miaka 100 kabla ya hapo, miji ya nchi ile ile ilikuwa ikishindana kuwavuta watu waje kulala katika bustani zake. Waliokuwa wakivutwa walikuwa na magari.

HAJI WA JANGWANI

Sasa twende Arizona, karibu na mto Colorado, katika mji mdogo wa Quartzsite. Hauna wakaazi 3,000. Lakini baridi ikianza kaskazini, magari-nyumba huja kwa maelfu na kutapakaa jangwani mpaka mtu akiwa juu ya kilima usiku huona taa kama za bahari yenye ngarawa. Ardhi hiyo ni ya serikali kuu. Kuanzia 1983 sehemu yake ilitengwa kwa wakaaji wa msimu mzima, kutoka Septemba 15 mpaka Aprili 15, na kwa miaka mingi ada yake ya miezi yote 7 ilikuwa dola 180. Hapo hukutana tajiri mwenye gari la bei ya nyumba na mjane anayelala ndani ya gari dogo la mizigo, wakashiriki bomba moja la maji.

Katika makaburi ya mji huo yuko Haji Ali. Mwaka wa 1855 Bunge la Marekani lilitoa dola 30,000 jeshi likanunue ngamia, kwa kuwa farasi na nyumbu walikuwa wakifa kwa kiu katika majangwa mapya ya magharibi. Meli ikaenda bandari za Bahari ya Kati, na mwaka wa 1856 ngamia wa kwanza wakateremshwa Texas. Kwa safari mbili walifika zaidi ya 70. Pamoja nao walikuja watu wa kuwaongoza, kwani askari wa Kimarekani hawakujua hata kumpigisha ngamia magoti. Mmoja wao alikuwa Ali, aliyezaliwa Sham karibu mwaka wa 1828, ambaye inasemekana mzazi wake mmoja alikuwa Mgiriki. Askari walishindwa kulitamka jina la Haji Ali, wakamwita Hi Jolly.

Mwaka wa 1857 ofisa Edward Beale alitumwa kupima njia ya magari ya farasi kutoka New Mexico mpaka mto Colorado. Alichukua ngamia, na Ali alikuwa miongoni mwa waliowaongoza. Ngamia walibeba maji na mizigo mahali ambapo nyumbu walishindwa. Njia waliyoipima ilifuatwa baadaye na reli, na baada ya reli, katika karne ya 20, na barabara kuu nambari 66. Ndiyo hiyo waliyoipita wakulima wa Oklahoma na magodoro yao mwaka wa 1936, na ndiyo waliyoipita wenye matela yanayong'aa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861 jeshi liliacha habari ya ngamia. Wengine waliuzwa, wengine wakapotelea jangwani. Ali alibaki. Alibeba mizigo, alitafuta madini, alilitumikia jeshi kama mjuzi wa njia, akapata uraia mwaka wa 1880, akaoa, akazeeka. Alifariki Quartzsite Desemba 16, 1902, miezi mitano tu kabla ya yule daktari wa Vermont kuwasha motokaa yake huko San Francisco.

Mwaka wa 1935 idara ya barabara ya Arizona ilimjengea juu ya kaburi piramidi ya mawe, na juu ya piramidi ikasimamisha ngamia wa shaba. Wenye magari-nyumba hushuka hapo, hupiga picha, husoma kibao, kisha hurudi kwenye viwanja vyao kupika chakula cha jioni. Kibao hicho hakisemi kwamba hapa amezikwa fulani. Kinasema kwamba hii ndiyo kambi ya mwisho ya Hi Jolly.